Uliandika kwa ufasaha, kaka

"Uliandika kwa ufasaha kweli, kaka. Ila hukusema asinywe chai."

Mdogo wangu alinipigia simu saa nne asubuhi kuniambia hivyo, kwa sauti ya chini, amesimama kwenye korido ya hospitali. Nyuma yake nilisikia magurudumu ya kitanda yakisukumwa. Mama alikuwa ameshavalishwa gauni la upasuaji, zamu yake imefika, ndipo mtaalamu wa nusukaputi akaja na swali lake la mwisho: mama, leo umekula au kunywa nini? Naye Mama, ambaye hajawahi kumdanganya mtu mwenye koti jeupe, akajibu kwamba amekunywa kikombe kimoja tu cha chai ya maziwa, saa kumi na mbili.

Upasuaji ukaahirishwa. Wiki tatu.

(Niseme mapema ili msome bila wasiwasi: ngiri ilishatolewa, Mama mzima, analalamika kama kawaida yake.)

Pale hospitali hakukuwa na wa kulaumiwa. Mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi tumbo likiwa na kitu, kitu hicho chaweza kupanda kooni kikaingia mapafuni, naye hana hata fahamu ya kukohoa. Mtaalamu alifanya kazi yake. Mdogo wangu alifuata maelekezo aliyopewa, neno kwa neno.

Maelekezo yalikuwa yangu.

## Ujumbe wenyewe

Nauweka hapa kama ulivyokwenda kwenye kundi la familia, bila kurekebisha hata nukta:

"Ndugu zangu wapendwa, kama mnavyofahamu, safari ya matibabu ya mama yetu mpendwa imefikia hatua muhimu. Kwa kuzingatia umuhimu wa suala zima la maandalizi, ni vyema mama akajiepusha na vyakula vizito kuanzia usiku, ili mwili wake uwe katika hali ya utulivu na utayari. Tuendelee kuwa pamoja kwa hali na mali, na zaidi kwa dua."

Watu tisa waliandika "Amina". Shangazi akaongeza, "Mwanangu, una kalamu." Nakiri kwamba niliurudia ujumbe ule mara mbili kabla ya kulala, kama mtu anayejitazama kwenye kioo cha gari la watu.

Sasa usome tena ukiwa wewe ndiye uliyelala chumba kimoja na mgonjwa, na alfajiri ameamka anasema ana kiu.

Vyakula vizito. Chai si chakula, na hakuna aliyewahi kuiita nzito. Kuanzia usiku. Usiku wa saa ngapi? Magharibi ikiingia, au watu wakishalala? Na hadi lini? Mdogo wangu alielewa kwamba Mama asile chakula kizito cha usiku, basi akampa ndizi mbili jioni, na kulipokucha akaona usiku umekwisha na katazo limekwisha nao. Ningekuwa mimi ningeelewa hivyohivyo. Ni vyema. Jambo likiwa vyema kulifanya, kutolifanya si kosa. Ni sawa na kuambiwa ni vyema kutembea kidogo baada ya kula. Na huo utulivu na utayari wa mwili, mpaka leo sijui nilikuwa na maana gani. Nadhani nilipenda tu jinsi maneno yale mawili yalivyokaa pamoja.

Muuguzi aliyenipigia alikuwa amesema hivi: asile wala asinywe chochote kuanzia saa sita usiku.

Maneno manane.

## Lile neno

Wiki tatu zile sikukerwa sana na kuahirishwa. Kilichonikaa kooni ni neno alilolitumia mdogo wangu. Angekuwa ananikejeli ningejua, kejeli zake nazifahamu tangu utotoni. Hakuwa akikejeli. Alimaanisha kwamba ufasaha ulikuwepo, wa kutosha kabisa, ila chai ndiyo iliyosahaulika. Kana kwamba ufasaha ni jambo moja na kueleweka ni jambo jingine, na mtu anaweza kupata hili akakosa lile.

Nikaanza kusikiliza tunavyolitumia. Anazungumza Kifaransa kwa ufasaha, yaani hakwami. Mgeni rasmi alihutubia kwa ufasaha, yaani maneno yalitiririka. Tutumie Kiswahili fasaha, yaani tusikosee ngeli. Katika matumizi yote matatu hakuna anayemgeukia msikilizaji kumwuliza ameambulia nini. Umetoka kwenye mkutano unasema fulani ameongea, ameongea kwelikweli. Ukiulizwa alisema nini, unajikuna kichwa. "Alisema mengi."

Nami nilikuwa nikilitumia hivyo maisha yangu yote. Naishi kwa kuandika, na sifa hiyo nimepewa mara nyingi kiasi kwamba nilishaacha kuitilia shaka.

Basi mmoja wetu alikuwa amelikosea neno. Ama mdogo wangu aliyenisifu kwa ufasaha nisiokuwa nao, ama mimi niliyedhani kwamba sifa ile inatosha.

## Maziwa

Fasaha ni neno la Kiarabu, na shina lake lina herufi tatu: fa, swad, ha. Nilitazamia kwamba waandishi wa kamusi za kale za Kiarabu wangelieleza kwa kuanzia ulimini. Baadhi yao wanaanzia kwenye maziwa. Maziwa yanapokamuliwa hufunikwa na povu. Povu likishatoka, yakabaki maziwa yenyewe, ndipo husemwa kwamba yamefasihika. Kutoka hapo neno likahamia kwa msemaji ambaye usemi wake umetakata.

Niliposoma hapo niliukumbuka utulivu na utayari.

Kuna mwanazuoni wa balagha, al-Khatib al-Qazwini, aliyefariki mwaka 1338. Alipoupa ufasaha mipaka yake, hakusema una nini. Alisema hauna nini. Neno fasaha halina herufi zinazogombana mdomoni, si geni kiasi cha kumtoa msikilizaji jasho, wala halivunji kanuni za kuundwa kwa maneno. Sentensi fasaha haina muundo dhaifu, haina maneno yanayokwaruzana, na haina mafundo. Ukiitazama orodha hiyo yote ni mambo ya kuondoa. Mimi miaka yote nilidhani ufasaha ni kitu cha kutia, kama nazi kwenye mchuzi.

Hayo mafundo nayo yana kisa. Katika Qur'ani, sura ya Twaha, aya ya 27 na ya 28, Musa anaomba fundo lifunguliwe katika ulimi wake, na anataja sababu: ili watu wafahamu anachosema. Hakuomba wastaajabu. Na kwenye Al-Qasas aya ya 34, anapomtaja ndugu yake Harun kuwa ulimi wake ni fasaha kuliko wake, neno ni hilihili, na Harun anaombwa awe msaidizi. Musa ana ujumbe, anataka ufike.

Kufika nako kuna neno lake. Balagha, tunayoiita sanaa ya kusema, shina lake ni kufikia. Ndilo shina la kubalehe. Kwa kipimo hicho ujumbe wangu kwa familia haukuwahi kubalehe.

Niruhusuni kuchepuka kidogo. Kutoka shina la fasaha tumepata pia fasihi, jina tulilolipa sanaa yote ya maneno, wakati Waarabu wenyewe sanaa hiyo wanaiita adabu. Sisi kwenye adabu tukachukua ile maana yake nyingine, tabia njema. Kwa hiyo wenzetu wakisoma mashairi wako kwenye adabu, na sisi tukisoma mashairi tuko kwenye maziwa yasiyo na povu. Na kufasiri, ambako wengi hudhani ni ndugu wa fasaha, si ndugu. Kule ni sini, huku ni swadi, ila Kiswahili hakikuona haja ya kuzitenga herufi hizo mbili.

Maana ya lugha isiyo na makosa hatukuizua. Kiarabu rasmi, cha vitabuni, huitwa fus-ha, kutoka shina hilohilo. Neno lilitufikia likiwa tayari limebeba mizigo miwili, usafi wa lugha na uwazi wa usemi, na sisi tukaushika zaidi ule wa kwanza. Sina ugomvi na wanaosema mtu ana Kifaransa fasaha. Lakini kwa lugha isiyokosea tayari tunalo neno sanifu, na linafanya kazi yake vizuri. Tukimpa fasaha kazi ya sanifu, kazi ya fasaha ataifanya nani?

Maana sentensi yaweza kuwa sanifu kabisa na isiwe fasaha. "Juma alimwambia Ali kwamba amefukuzwa kazi." Tafuta kosa hapo. Ngeli iko sawa, wakati uko sawa, mwalimu yeyote angeweka alama ya vyema. Aliyefukuzwa ni nani?

## Hapa nilikwama

Kama ufasaha ni kuondoa, kwa nini basi nisingetuma yale maneno manane na kulala?

Nilijaribu. Niliyaandika kwenye simu, sikuyatuma, nikayasoma kwa sikio la Shangazi. Mama asile wala asinywe chochote kuanzia saa sita usiku. Yalinitisha. Hayana salamu, hayana jina la anayeambiwa, mtoto anampigia mamaye amri mbele ya ukoo mzima. Sisi hatuingii nyumbani kwa mtu bila hodi, na kwenye mazungumzo pia kuna mlango. Mtu akiruka salamu akaangukia shida yake, tunamwelewa, lakini tunamwelewa vibaya.

Je, hodi nayo ni povu?

Swali hilo lilinichukua siku nyingi kuliko linavyostahili. Kuna wakati nilisema ndiyo, yote ni povu, tuseme tunachotaka tuondoke. Nikawajibu watu wawili watatu kwa mtindo huo, na mmoja wao akaniuliza kama amenikosea kitu. Nikarudi nyuma. Nilipokuja kutulia niliona hivi: salamu haijifanyi kuwa maelekezo. Anayesoma "shikamooni wakubwa" hadhani ameshaambiwa lini Mama aache kula. Lakini anayesoma "kwa kuzingatia umuhimu wa suala zima la maandalizi" anahisi amepewa kitu. Macho yamepita juu ya maneno, kichwa kimeitikia, na mkononi hamna. Povu linajaza kikombe sawa na maziwa, hadi unywe.

(Suala zima, kwani kuna siku tuliwahi kushughulikia suala nusu?)

## Kwa nini vizito?

Hilo la salamu lilikuwa jepesi. Zito lilinijia usiku mmoja nikiwa nimelala macho wazi.

Muuguzi alisema chochote. Mimi niliandika vyakula vizito. Maneno hayo mawili yalitoka wapi? Hayakuwa mapambo. "Hali na mali" ni pambo, "mpendwa" ni pambo. Lakini kugeuza chochote kuwa vyakula vizito ni kubadilisha maana, na mimi si mtu wa kusikia vibaya.

Nikarudi kwenye ile simu. Muuguzi alikuwa na haraka, nyuma yake watu wanaita. Aliposema asinywe chochote, kichwani mwangu liliruka swali: hata maji? Mama ana kawaida ya kuamka usiku kunywa maji. Hata maji kweli? Sikuuliza. Nilisema "sawa kabisa, nimekuelewa", kwa ile sauti ya mtu msomi anayeongea na mtu msomi, na simu ikakatwa.

Sikuwa nimemwelewa. Nilikuwa na tundu, na ulipofika wakati wa kuandika nililijua lilipo. Sikuthubutu kuandika chochote, maana mtu angeniuliza kuhusu maji nami sina jibu. Sikuthubutu kuandika maji ruksa, maana sikuambiwa. Kalamu ikanitafutia maneno ya kupita katikati, yenye upana wa kunificha. Vyakula vizito. Niliyaandika kwa wepesi kabisa, bila kukwama, ndiyo maana nikayaona mazuri.

Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma kazi zangu za zamani kwa woga. Ripoti moja ina "kwa namna moja ama nyingine" mara nne. Nimekaa nikajiuliza, kila mara, ni namna ipi, na mara tatu kati ya nne sikuwa najua nilipoandika na sijui sasa. Ukurasa mwingine una "kwa mantiki hiyo", na juu yake hakuna mantiki yoyote, kuna aya mbili zilizokaa jirani. Zamani nilidhani huo ni uvivu wa kutaja vitu. Siku hizi sidhani. Mimi sikuwa na fikra safi iliyoharibiwa na maneno machafu. Fikra ndiyo iliyokuwa na tundu, na maneno yalikuwa safi mno, yanang'aa, yametandikwa juu yake kama mkeka.

Kwa hiyo mdogo wangu alinisifu kwa kile hasa kilichomponza.

## Kuamkia

Katika kuhangaika huko nimejifunza kupenda kitu ambacho nilikuwa nakipita kila siku kwenye magazeti: usiku wa kuamkia.

Ukisema usiku wa Alhamisi umetega mtego. Kwa hesabu ya zamani siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Alhamisi ni ule unaotangulia mchana wa Alhamisi. Wazee wengi bado wanahesabu hivyo. Kwa aliyezoea saa ya simu, usiku wa Alhamisi ni ule unaofuata mchana wake. Nyumba moja, mama na binti, na kati yao kuna saa ishirini na nne za kutoelewana ambazo hakuna anayezijua mpaka siku ya tukio.

Halafu mtu fulani, sijui mwandishi wa habari gani aliyechoshwa na masahihisho, akachomeka kitenzi kimoja. Usiku wa kuamkia Alhamisi. Ukilala usiku huo, utakayoamka nayo ni Alhamisi. Mzee ameelewa, kijana ameelewa, hakuna aliyeambiwa kwamba hesabu yake ni mbaya. Hakuna shairi litakaloandikwa kusifu maneno hayo, lakini nikiulizwa leo nitoe mfano wa Kiswahili fasaha, nitatoa hayo kabla ya hotuba yoyote.

## Mara ya pili

Tarehe mpya ilipotoka nilimpigia muuguzi mwenyewe kabla hajanipigia, nikauliza la maji. Hata maji, akasema, na hakuonekana kuona ajabu yoyote katika swali langu. Nikaandika:

"Asalaam alaykum nyote, shikamooni wakubwa. Mama anafanyiwa upasuaji Alhamisi saa mbili asubuhi. Usiku wa kuamkia Alhamisi, ikishafika saa sita, asile na asinywe chochote: chai, maziwa, uji, hata maji. Abaki hivyo mpaka atoke chumba cha upasuaji. Mama, samahani, najua utaamka na kiu."

Hakuna aliyesema nina kalamu. Shangazi alituma dole gumba. Amina zilikuwa mbili, nazo nadhani ni za mazoea. Mama akatuma ujumbe wa sauti kwamba kiu atavumilia, Ramadhani ngapi amefunga.

Zilipita dakika mbili, mdogo wangu akaandika:

"Sawa kaka. Na kidonge cha presha cha alfajiri? Anakimeza na maji au hakimezi?"

Nilikitazama kioo cha simu. Kidonge cha presha sikuwa nimekifikiria hata kidogo. Vidole vilikuwa tayari vimeanza kuandika, "Kuhusu dawa, ni vizuri tukazingatia", na hapo nikavisimamisha.

Nikafuta. Nikapiga hospitali. Akapokea muuguzi mwingine, mwenye haraka kuliko yule wa kwanza.

"Samahani sista," nikamwambia, "nina swali, huenda ni la kijinga."